UZI: Niliacha giza la Norwe, mbona kila Novemba kalamu bado inakauka?

#1 Mwana_Bombo
Habari zenu wote. Naomba mnisaidie kufikiri, maana peke yangu nimezunguka mpaka nimechoka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Jinja, Uganda, na mwandishi wa hadithi fupi. Miaka kadhaa iliyopita nilipata nafasi ya kusoma Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe, nikakaa huko majira mawili ya baridi. Nilifika Agosti, mwanga upo hadi usiku, nikaandika kama ndama aliyefunguliwa kamba. Hadithi nne kwa miezi miwili. Mwishoni mwa Novemba jua likaaga, na halikuchomoza tena hadi Januari.

Watu hudhani mtu wa hali ile analia. Mimi sikulia, nililala. Saa kumi na moja, kumi na mbili kwa mkupuo, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nilikula mkate mpaka suruali zikanikataa. Daftari langu la wakati ule ninalo mpaka leo. Tarehe 3 Desemba kuna sentensi moja: "Mama alifungua mlango." Nimeikata. Tarehe 4 nimeiandika tena ile ile, nimeikata. Hivyo hivyo hadi tarehe 19. Siku kumi na saba, mama yule yule, mlango ule ule, na hakuna siku hata moja aliyoingia ndani.

Nikarudi nyumbani. Jua tele. Lakini hii ni Novemba ya tatu mfululizo nakaa mezani hapa Jinja na hakuna kinachotoka. Kama giza ndilo lililoniumiza kule, hapa kinaniumiza nini? Waandishi wenzangu, nanyi mnapata hali hii?

#2 Boda_Malaba
Pole sana mwalimu. Miezi sita bila jua, nani angeandika? Kaa juani, kula samaki wa ziwa, yatapita.

#3 Jiografia_Masaka
@Boda_Malaba, miezi sita ni pale kwenye Ncha ya Kaskazini yenyewe. Tromsø iko nyuzi 69 kaskazini, jua linapotea kwa wiki saba hivi. Na si giza totoro siku nzima. Adhuhuri jua linakuwa chini kidogo tu ya upeo, kwa hiyo kunakuwa na mwanga hafifu wa saa chache. Kisha wanalipwa deni: katikati ya Mei hadi karibu mwisho wa Julai jua halitui kabisa.

Sisi huku, pale Kayabwe ambapo ikweta inakata barabara ya Masaka, mchana una saa kumi na mbili na dakika saba hivi, Januari hadi Desemba. Kwa hoja ya urefu wa mchana, Jinja haina Novemba.

#4 Mwana_Bombo
Asante ndugu yangu wa Masaka, ni kweli. Mwanga ule wa adhuhuri naukumbuka. Theluji, kuta, hata mikono yangu, vyote vinakuwa rangi ya wino uliotiwa maji. Ni mzuri mno. Halafu unaondoka, taa za barabarani zinabaki peke yake.

Jambo lililonivuruga zaidi ni saa. Mama alikuwa akinipigia kutoka Bombo, anauliza, "Kumekucha huko?" Sikuwa na la kumjibu. Sisi saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kutoka, ndivyo lugha yetu inavyohesabu siku. Sasa huko saa moja nianzie kuihesabu wapi? Nilijikuta nasema "saa moja asubuhi" nikihisi nasema uongo. Mtu anayeandika kwa Kiswahili anaishi ndani ya maneno hayo: kumekucha, kumekuchwa, alfajiri, magharibi. Yalikauka moja moja mdomoni.

#5 Muuguzi_Mbarara
Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Mwalimu, uliyoeleza ya Tromsø yanafanana sana na sonona ya majira, yaani ugonjwa wa kuzama moyo (depression) unaorudi kila baridi. Walioielezea kitabibu ni Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, kule Bethesda, Marekani. Naye alikuwa mtu wa jua kama sisi: mzaliwa wa Afrika Kusini, akahamia New York, akashangaa mbona nguvu zinamwisha kila baridi na kumrudia kila machipuo.

Dalili zake zinapishana na sonona tunayoizoea wodini. Mgonjwa wa kawaida mara nyingi hana usingizi, chakula hakipiti. Huyu wa majira analala kupita kiasi, anatamani vyakula vya wanga, uzito unapanda, anajifungia ndani. Wewe umetaja usingizi na mkate kabla hujaulizwa.

Mambo yanaanzia jichoni. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake si kutuonyesha vitu bali kuuarifu ubongo kwamba kumekucha. Asubuhi ikikosa mwanga, saa ya mwili inachelewa, na melatonini, homoni ya usiku, inaendelea kumwagika wakati mtu ameshaketi kufanya kazi. Hayo ndiyo maelezo yanayosikika zaidi. Wengine wanaitazama serotonini, kemikali ya ubongo, wengine vitamini D, kwa sababu jua la baridi kule juu halina nguvu ya kuitengeneza kwenye ngozi, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Bado hakuna maelezo yaliyoyashinda mengine.

Maswali mawili: Tromsø, hali ilikwisha jua liliporudi? Na hapa Jinja, unalala sana au usingizi huupati?

#6 Mwanga_Dar
Nipo Tanzania lakini nasoma uzi kwa makini. Nampongeza muuguzi kwa kutumia neno sonona. Wengi bado wanasema "huzuni", na mgonjwa anaambiwa achangamke. Huzuni ina sababu na inapoa. Sonona inakunyang'anya hata nguvu ya kuhuzunika.

#7 Mhariri_Ntinda
Nimehariri miswada Kampala miaka mingi, na nitasema kitu ambacho hakitawafurahisha wote. Nina wasiwasi na habari ya majira. Waandishi husitasita mwaka mzima, kisha hutafuta tarehe ya kulaumu.

Mfano: John Milton, mshairi Mwingereza wa karne ya 17. Mpwa wake aliandika kwamba ushairi ulimtiririka vizuri kuanzia Septemba hadi Machi tu, yaani nusu ya giza ya mwaka! Na alikuwa kipofu. Karne iliyofuata Samuel Johnson akalipinga wazo zima la mwandishi kutegemea majira. Ubishi wetu huu una zaidi ya miaka 200 na haujaisha.

#8 Muuguzi_Mbarara
@Mhariri_Ntinda, kuhusu upofu: baadhi ya vipofu seli nilizozitaja bado zinafanya kazi, na saa yao ya mwili inafuata mwanga ingawa hawaoni. Kwa hiyo upofu wa Milton hauthibitishi upande wowote.

#9 Kyeyo_Malmo
Gyebale ko ssebo Mwana_Bombo. Mimi ni mkuba kyeyo, kibarua wa ughaibuni, nipo Malmö, Uswidi, mwaka wa nane. Huku kusini jua tunaliona, lakini siku fupi kabisa ya Desemba ina saa saba tu za mchana. Naingia kazini giza, natoka giza. Nafanya usafi hospitalini na naandika mashairi, mengi ya kurekodi kwenye simu nikiwa ndani ya basi.

Nilipata hali yako mwaka wa pili. Daktari alinishauri taa maalumu ya lukisi 10,000 (lukisi ni kipimo cha mwanga), unakaa mbele yake nusu saa kila asubuhi. Ilinisaidia, sitadanganya. Baada ya wiki moja hivi niliacha kulala nikiwa nimevaa koti.

Lakini nisikilizeni. Desemba ndio mwezi ambao simu za nyumbani hazikatiki. Karo ya muhula ujao, bati la nyumba ya shangazi, Krismasi ya watoto wa kaka. Unatuma, unabaki na nauli. Jirani wa mlango wa pili sijui hata jina lake. Taa ile iliniamsha, ila haikunipa mtu wa kuzungumza naye. Shairi langu la kwanza baada ya ukimya wa miezi mitano lilikuja usiku, giza nje, baada ya kukutana na mwanamke wa Mbale kwenye kituo cha basi tukaongea kwa saa nzima. Jua halikuhusika hata kidogo.

#10 Mzee_Kasese
Vijana, salaam. Okot p'Bitek, mshairi wetu wa Uganda, alisoma Bristol, Aberystwyth na Oxford, baridi zote hizo zikampitia, na alirudi akiwa Okot. Mimi naamini mtu akibeba nyumbani kwake moyoni, giza la ugenini halimwingii.

Na mimi kalamu yangu ni ya mvua. Huku chini ya Rwenzori mawingu yakishuka na mabati yakianza kunguruma, hapo ndipo shairi linapokaa sawa. Kiangazi naenda shamba.

#11 Jiografia_Masaka
Mzee wetu, kwa heshima zote: Oxford hata siku fupi kabisa ina karibu saa nane za mchana. Huwezi kuilinganisha na mahali ambapo jua halichomozi kabisa. Na hatujui Okot alipitia nini ndani ya chumba chake.

#12 Mzee_Kasese
Hapo umenena mwanangu. Hayo ya chumbani hatuyajui. Narudisha neno langu nusu, nusu nabaki nalo.

#13 Tadooba
Naomba kuchangia kutoka Arua. Jina langu la humu lina maana, nimelikulia. Kibatari cha kopo la maziwa, utambi wa pamba, moshi unakuachia weusi puani. Kwetu giza liliingia saa moja kila jioni ya maisha yetu na hakuna aliyeliita ugonjwa. Hadithi yangu ya kwanza niliiandika kwa mwanga ule, daftari nimeliegemeza kwenye goti, na nilijifunza kuandika sentensi fupi kwa sababu mafuta yalikuwa yanapimwa.

Ndiyo maana nauliza: ni giza lenyewe, au ni giza linalokuja saa ambayo mwili hulitarajii? Giza la jioni linakuja na watu: uji, bibi, hadithi. Giza la saa nane mchana linakuja na nani?

#14 Kyeyo_Malmo
Haliji na mtu, ndugu yangu. Hapo umegusa.

#15 Boda_Malaba
Mimi nadhani Novemba giza linawahi hata kwetu! Nipo barabarani kila siku. Mwezi wa pili saa moja jioni bado naona abiria bila taa. Sasa hivi saa kumi na mbili na nusu nimeshawasha.

#16 Jiografia_Masaka
@Boda_Malaba, jicho lako halikukudanganya, na nimefurahi sana umeliona. Kwa saa za Uganda, mwanzoni mwa Novemba jua linazama karibu nusu saa mapema kuliko Februari. Lakini linachomoza mapema vilevile, karibu nusu saa. Mchana wote unasogea nyuma, urefu unabaki ule ule. Inatokana na njia ya dunia kulizunguka jua kuwa duara lililobanwa kidogo, pamoja na mhimili wake kuinama. Anayeketi kuandika baada ya kazi, Novemba anakosa nusu saa ya mwanga wa jioni. Anayeandika alfajiri anaipata.

#17 Mwana_Bombo
Mimi huandika jioni, nikitoka shule. Nusu saa hiyo sikuwahi kuijua.

#18 Binti_Kabale
Kabale tuna ukungu wa asubuhi unaokaa bondeni mpaka saa nne. Ningekuwa wa kulalamikia mwanga ningelalamika mimi, lakini naandika vizuri ukungu ukiwepo, dunia imepungua imebaki dirisha langu tu. Nilisoma pia kwamba watu wa Aislandi walipochunguzwa, matokeo yakatolewa 1993, walionekana kuwa na sonona ya majira kidogo kuliko watu wa pwani ya mashariki ya Marekani walioko kusini zaidi yao. Kama mwanga ndio kila kitu, hilo linaelezwaje?

#19 Mhariri_Ntinda
@Binti_Kabale asante kwa hilo. Ongeza na hili: mwaka 2016 watafiti Wamarekani walichapisha uchambuzi wa watu wazima 34,294 na hawakuona sonona ikipanda wakati wa baridi, wala kwa walioko kaskazini, wala kwenye mwanga mdogo. Wakahoji kama ugonjwa huu upo kweli jinsi unavyoelezwa.

#20 Muuguzi_Mbarara
Utafiti huo naufahamu na ni mzito. Lakini ulitazama umma mzima, ukauliza hali ya majuma mawili yaliyopita. Haumtazami mtu mmoja mwaka hadi mwaka, na mgonjwa wangu ni mtu mmoja. Kama wachache wanaathirika sana na wengi hawaathiriki, wastani utawameza wale wachache.

Kwa Aislandi, wapo wanaosema ni urithi wa vizazi vilivyozoea, wapo wanaosema ni samaki. Hata Tromsø kwenyewe kuna mtafiti wa Marekani aliyekuta wenyeji wengi wanayangoja majira ya baridi kwa hamu, na wenye mtazamo huo waliridhika zaidi na maisha yao. Vermont nako, Marekani, walilinganisha taa na tiba ya mazungumzo inayofundisha mtu kubadili fikra na mazoea ya baridi. Majira ya kwanza zilikwenda sawa. Baada ya miaka miwili waliopata mazungumzo walirudiwa na ugonjwa kwa uchache zaidi.

Sasa jambo moja kwa waandishi wa Uganda, naomba mlisome polepole. Nje wakati wa jua kali mwanga unafika hata lukisi 100,000. Nje kukiwa na mawingu, bado maelfu. Sebuleni ukiwa umeshusha pazia, mia moja au mia mbili. Mtu anaweza kuishi kwenye ikweta, akatoka chumbani gizani, akapanda taksi, akashinda ofisini, akarudi jioni, na jicho lake likawa limeona siku ya Norwe. Mwalimu, meza yako ya kuandikia iko wapi?

Na tahadhari: taa za lukisi 10,000 si balbu yoyote, na mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia kupanda na kushuka amwone daktari kwanza. Hujanijibu maswali yangu ya #5.

#21 Mwana_Bombo
Samahani nnyabo, nilikuwa nasimamia mitihani.

Tromsø, ndiyo: jua liliporudi, kwa kama wiki tatu nikawa mtu tena. Kule watoto huokewa maandazi ya jamu siku jua linaporudi, nilikula matano.

Hapa Jinja ni kinyume. Usingizi haupo. Naamka saa tisa usiku macho makavu. Chakula nakila kwa kulazimishwa na mke wangu. Meza yangu iko kwenye kona ya chumba, nimeipa dirisha mgongo, pazia zito kwa sababu ya vumbi.

#22 Muuguzi_Mbarara
Basi ndugu, hizo ni sura mbili tofauti. Nisingeziita kwa jina moja bila kukuona ana kwa ana.

#23 Jiografia_Masaka
Hapo nakumbuka kitu cha kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikuja Masaka na Rakai kuuliza watu wanaelezaje maumivu ya moyo baada ya UKIMWI kuzipiga familia. Watu hawakutaja neno la kitabuni. Walitaja *okwekyawa*, mtu kujichukia, na *okwekubazida*, mtu kujililia hali yake. Wakaanzisha vikundi vya kukutana na kuzungumza vijijini, na waliohudhuria walipona kwa kiasi kikubwa kuliko wasiohudhuria. Hawakutumia taa wala dawa.

Mwalimu, wewe yako ungeiita nini kwa lugha ya nyumbani?

#24 Kyeyo_Malmo
Na mimi niulize kama dada. Ssebo, Novemba ilikufanya nini? Simaanishi jua.

#25 Mwana_Bombo
Nimekaa na swali lako siku mbili.

Baba yangu alifariki Bombo tarehe 14 Novemba, baridi yangu ya pili kule. Sisi tunazika upesi. Nilipopata simu alikuwa ameshaoshwa, na kabla sijajua hata bei ya tikiti alikuwa ameshafukiwa. Kaka yangu alishika simu ili nisikie dua. Mtandao ukawa unakatika, nikapata neno hapa neno pale. Nje kulikuwa na theluji mpya na mtu alikuwa anaisukuma kwa koleo, kwarua, kwarua. Sauti hiyo ndiyo niliyomzikia baba.

Lakini msinifungie mlango hapo, kwa sababu mambo hayakai sawasawa. Mlango wa mama na siku zile kumi na saba ni baridi ya kwanza, baba akiwa mzima na ananitania kwenye simu. Na tena Novemba hapa ni mwezi wa mitihani ya taifa ya UNEB, natoka shule nimekwisha. Na tena ni mvua. Na tena pazia. Kila mnachosema ninakikuta ndani yangu, nikikishika kinanitoka.

#26 Tadooba
Kitalo nnyo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

#27 Mzee_Kasese
Kitalo mwanangu. Lile neno langu la kubeba nyumbani moyoni, nusu niliyobaki nayo nairudisha pia.

#28 Mhariri_Ntinda
Pole sana mwalimu, kutoka moyoni. Nilisema waandishi hutafuta tarehe ya kulaumu. Wewe tarehe ilikutafuta.

Hata hivyo bado nauliza kama mhariri. Utafiti wa Iowa wa 1987 ulilinganisha waandishi 30 na watu 30 wa kazi nyingine, na asilimia 80 ya waandishi walikuwa wamewahi kuugua maradhi ya hisia, dhidi ya 30 kwa wenzao. Ulikosolewa kwa kuwa mdogo, na aliyehoji alijua yupi ni mwandishi. Lakini unanifanya niwaze: je, kazi hii inatuumiza, au wenye kuumia ndio wanaoikimbilia?

#29 Muuguzi_Mbarara
Hilo lifungulie uzi wake, tutakesha. Mwalimu, usingizi na chakula vikishapotea zaidi ya wiki mbili usingoje Desemba. Hospitali ya rufaa ya Jinja ina kitengo cha afya ya akili. Nenda na mkeo, yeye ataeleza usiyoyaona.

#30 Boda_Malaba
Mwalimu, mimi si mwandishi. Ila huyo mama uliyemwacha mlangoni tangu Norwe bado amesimama? Kwetu mgeni hasimami hivyo. Mkaribishe.

#31 Mwana_Bombo
@Boda_Malaba umenifanya nicheke, na mke wangu akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

Taarifa fupi. Jumamosi tuliihamishia meza barazani, upande wa mashariki. Siku tatu sasa nakaa pale kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi na chai, kabla ya shule. Siku ya kwanza nilitazama kuku tu. Siku ya pili mvua, nikarudi ndani. Leo nimeandika kurasa moja na nusu. Zinamhusu mtu anayesukuma theluji kwa koleo, na mama bado yuko nje. Usingizi haujarudi. Hospitali ni Alhamisi.

#32 Binti_Kabale
Mtu wa koleo! Yeye ndiye tunamtaka. Weka japo aya moja humu.

#33 Kyeyo_Malmo
Huku saa kumi jioni haijafika na dirisha langu limeshakuwa jeusi. Nawasha taa, navaa viatu, naingia zamu. Ukiiweka aya hiyo nitaisoma ndani ya basi, ssebo. Kituo changu ni cha kumi na nne, nafasi ninayo.